Maji ya Saa Sita

Nilitoka Tanga na mabango kumi na mawili
yamekunjwa ndani ya bomba la plastiki.
Afisa wa forodha Maskati akalitikisa: Bunduki?
Nikamwambia: Mikono. Picha za mikono.
Akacheka, akagonga muhuri.

Nyuma ya Rustaki lami huisha, huanza mawe.
Shule ina madarasa manne, bendera, mkunazi mmoja,
na tangi jeusi juu ya paa
limekaa juani kama mtu asiyedaiwa.

Mwalimu mkuu ni Asila binti Nasseri.
Mamake alizaliwa Unguja,
na Kiswahili chake kimekaa miaka bila kupigwa pasi.
"Msala wetu mbovu," aliniambia siku ya kwanza.
Nikadhani ni wa kuswalia,
nikamwahidi mpya, wenye nyuzi za kijani.
Akanishika mkono hadi nyuma ya darasa la tatu:
milango miwili, mmoja hauna komeo,
nzi wamefanya baraza.
"Huu," akasema. "Wa kuswalia tunao."

Nikabandika mabango.
Watoto walizijua hatua zote:
kiganja kwa kiganja, kati ya vidole, chini ya kucha,
wakanijibu kabla sijauliza.
Lakini sabuni niliyoikata kwa uzi vipande arobaini
jioni nilivikuta arobaini, vikavu.
Kesho yake arobaini.
Kesho kutwa thelathini na tisa,
kimoja kachukua kunguru.

Usiku nikaandika ripoti:
*Watoto hawa wanahitaji kuhamasishwa.*
Sentensi hiyo ninayo bado. Siifuti.
Naiweka inione haya.

Siku ya nne, saa sita, nilishika chaki,
nikaenda kunawa. Nikafungua mfereji.
Maji yaliniuma.
Nikapiga ukelele, "Mamangu!"
na darasa la pili zima likaanguka kwa kicheko.
Shinuna, miaka saba, mapengo mawili mbele,
akasema neno, Asila akafasiri:
"Anasema, wao walijua. Wewe ndiye ulikuwa hujui."

Kwenye semina ya kujitolea tulifundishwa mambo tisa.
Kufungua mfereji saa sita halikuwemo.

Aliyelijua lote ni Shafikul, mfagiaji,
mtu wa Sileti, mwaka wa pili hapa.
Alfajiri, tangi likiwa limepoa,
huchota ndoo yake, huifunika gunia bichi,
huificha kivulini nyuma ya stoo.
Mchana ananawa kama sultani.
Hakuna kikao kilichowahi kumwita.
Tulimwita. Alikuja na ndoo, akaiweka mezani,
nasi sote, mmoja mmoja,
tukatumbukiza vidole kama watu wanaoapa.

Basi ikaletwa mitungi sita kutoka Bahla.
Shafikul akaitoboa kwa msumari, taratibu, akishika pumzi
(mmoja ulipasuka, akautazama kama maiti ya jirani),
akachonga vizibo vya kijiti,
akaitundika mitano mkunazini.
Maji machafu yalikosa njia.
Nikakumbuka lile bomba la mabango.
Tukalikata ncha, tukalilaza chini,
likapeleka povu kwenye mzizi.

Nilimpa glavu zilizokuwa zetu sisi wageni.
Miaka miwili alisugua msala kwa mikono mitupu,
chini ya ukuta ninaobandikia picha za mikono.
Akazivaa, akazivua, akazikunja,
akaziweka mfukoni. Kwa ajili ya Ijumaa, nadhani.
Kesho yake nikampa nyingine, nikasimama mpaka akazivaa.

Sabuni zilikwisha kwa siku tano.
Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuishiwa.

Komeo liliagizwa Nizwa.
Nimeondoka halijafika.
Kwa hiyo nikigeuka garini nawaona:
mlango wa mbao, na Shinuna ameuegemea kwa mgongo,
amekaza miguu, anamlinda mwenzake aliye ndani,
na mikono yake, ameiweka mbali na nguo,
bado inadondoka maji.